Kipimo cha Mguu wa Farasi

Nimeshona viatu Lindi miaka kumi na tisa,
hapa kibarazani, nyuma ya soko,
na kila mguu ulionijia ulikuwa na vidole,
au angalau ulikuwa navyo zamani.
Ndipo akaja Hashimu Nammonga na kamba yenye mafundo.
Fundo hili ni chini ya goti, akasema,
hili ni juu ya kifundo,
na huu hapa ndio unene wa muundi.
"Nishonee vinne. Ni vya farasi."

Nilicheka hadi gundi ikamwagika.

Lakini Jumapili nilikwenda, Kikwetu,
kwenye shamba la mkonge ambalo nusu yake sasa ni pori,
nikamwona: jike, rangi ya chai ya maziwa machache,
jina lake Marashi,
ndiyo kwanza amefunguliwa lango, anakizunguka kiwanja
kama mtoto siku ya kufunga shule.
Akishika mbio, kwato ya nyuma humfikia kisigino cha mbele,
anajigonga mwenyewe.
Na visiki vya mkonge vimo majanini,
vimekauka, vimechongoka, havina haraka.

Tajiri wake yuko Mtwara. Alipiga simu: avalishwe.
Bi Somoe, anayemwogesha, aliijibu ndoo yake:
"Avalishwe nini, mchanga huu? Joto hili?
Wewe vaa soksi ya mpira tangu alfajiri hadi magharibi,
kisha uje unihadithie."

Mimi sikusema.
Elfu themanini zilikuwa mfukoni tayari,
na mfuko ukijaa mdomo unapata kazi nyingine.

Nikashona. Tyubu ya lori kwa nje,
blanketi kwa ndani, ngozi ngumu nyuma,
pale unapopita ukano,
mwembamba kama kamba ya ndoo ya kisimani,
na mwili wote ule umeuegemea.
Vifungo vitatu. Sikukaza, sikulegeza.
Nilijivuna, sitaficha.

Siku ya kwanza alitembea kama aliyekanyaga ulimbo,
anainua mguu, anautazama, anaurudisha.
Siku ya pili alizoea.
Siku ya tatu kisiki kilimparuza, na mparuzo ukabaki kwenye tyubu.
Hashimu alikuja kunionyesha, na ming'oko ya kuchemsha juu yake.
"Unaona?"
Niliona.

Siku ya sita Bi Somoe alimtuma mtoto aniite.
Hakunisalimu. Alifungua vifungo vyangu,
kimoja, cha pili, cha tatu,
akageuza blanketi.
Mchanga. Laini, umelowa jasho,
umeshinda humo ukifanya kazi ya msasa.
Manyoya yamekwisha upana wa dole gumba,
ngozi chini yake inatoa maji,
na inzi wameshapata habari.

Mwalimu huniletea kiatu: fundi, kinanibana kidole cha mwisho.
Nakitia kalibuni, kinatanuka, yameisha.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ya kiatu aijuaye mvaaji,
na mvaaji huyu siku zote sita
alikuwa akila majani tu.

Tulibishana hadi adhuhuri.
Hashimu: kidonda cha mchanga kitapona,
ukano ukikatika, ndiyo basi, tutachimba shimo.
Bi Somoe: "Chimbeni sasa, basi. Ng'oeni visiki.
Au jembe nalo linasubiri simu ya Mtwara?"

Nilifumua vya nyuma hapohapo, kwa kisu cha kazi.
Vya mbele tuliviacha, kwa ile nusu saa ya kwanza
anapotoka bandani na furaha haijamwishia,
kisha vivuliwe, vikung'utwe, vianikwe.
Bi Somoe hakukubali. Hakukataa pia;
alikwenda kuchota maji.

Visiki saba tuling'oa siku ile. Vilivyobaki sijui idadi,
mkonge hauhesabiki kwa macho.
Fedha nimeshakula, kwa hiyo kila Jumapili nabeba sururu.

Na vile viwili vya nyuma nimevitundika kibarazani.
Wateja wanavipapasa, wanatafuta pa kuingiza vidole,
wananiuliza ni vya ugonjwa gani.